Mwimbaji Awekwe Mwisho

Leo nazungumzia muziki ambao hewani kwetu hupigwa kwa nadra, na ukipigwa fundi mitambo hukimbilia kitufe cha kupunguza sauti. Nimeshamwomba wa leo atulie.

Mwaka 1987 zilitoka albamu mbili. Moja ilitoka kwa kijana wa Florida, Marekani, aitwaye Chuck Schuldiner, na bendi yake Death, ikapewa jina Scream Bloody Gore. Nyingine ilitoka Uingereza, kwa vijana wa eneo la Birmingham waliojiita Napalm Death, ikaitwa Scum. Katika zote mbili gitaa limekorogwa mpaka linakwaruza, dramu zinakwenda mbio, na mwimbaji ananguruma maneno usiyoyashika hata moja. Mgeni atasema ni kitu kimoja. Mwenyeji atakuambia bila kusita kwamba ya kwanza ni dethi metali, mtoto wa hevi metali, na ya pili ni graindikoo, mtoto wa hadikoo, yaani ile panki iliyokazwa na kuharakishwa. Amejuaje? Kwa mngurumo haiwezekani, maana wote wananguruma.

Watu wengi wanaojaribu kuuelewa muziki huu hukwama hapo hapo. Sauti ya mwimbaji ndiyo ya kwanza kukuvuta, na ndiyo ya kwanza kukudanganya. Wengine hutazama nguo, nywele, michoro ya jalada. Hayo nayo hayasaidii sana, kwani bendi huazimana fulana zaidi kuliko zinavyoazimana midundo. Ushauri wangu ni huu: mwimbaji awekwe mwisho. Sikiliza dramu kwanza. Halafu sikiliza mkono wa mpiga gitaa, ule unaochapa nyuzi. Halafu jiulize wimbo umepangwaje na umepangwa kwa ajili ya nani. Ukifika kwa mwimbaji utakuwa umeshajua jibu, yeye atalithibitisha tu.

Tuanze na dramu. Nitagonga meza hapa studio, mniwie radhi. Du ni ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ka ni ngoma ndogo inayopigwa kwa fimbo. Mdundo wa roki wa kawaida unakwenda du, ka, du-du, ka. Mnaujua wote, hata kama hamjui kwamba mnaujua. Sasa bendi ya Discharge ya Stoke-on-Trent, Uingereza, iliuchukua mdundo wa namna hiyo, ikaukimbiza, ikaugeuza kidogo, ikakataa kuubadilisha tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha: du-ka-dudu-ka, du-ka-dudu-ka. Albamu yao ya mwaka 1982, Hear Nothing See Nothing Say Nothing, karibu yote imesimama juu yake. Herufi ya kwanza ya jina la bendi ikawa jina la mdundo: D-biti. Ukiusikia usiopumzika, na juu yake mtu anatoa sentensi fupi fupi za hasira kuhusu vita, upo kwenye panki ya Discharge au ya wajukuu zake, na wajukuu hao wamejaa Uswidi.

Mdundo wa pili ni mwepesi kuueleza: du-ka-du-ka-du-ka, mguu na mkono vinapokezana moja kwa moja, kwa kasi. Huu utausikia kwenye hadikoo ya Marekani, na utausikia pia kwenye thrashi, ambayo ni metali. Kwa hiyo peke yake hautoshi kukupa jibu. Uweke akiba, tutaurudia tukifika kwenye gitaa.

Wa tatu ndio ule wanaouita blasti. Ni kupokezana kule kule kwa mguu na mkono, lakini kasi imepanda mpaka sikio linashindwa kuhesabu pigo moja moja. Mvua ikinyesha kweli juu ya bati hakuna anayehesabu matone. Hali ni hiyo. Mick Harris, mpiga dramu wa Napalm Death, ndiye aliyeufanya uwe alama ya bendi yake. Ile albamu ya Scum ina nyimbo 28 zinazokaa ndani ya dakika kama 33. Upande wa kwanza na upande wa pili zilirekodiwa na vikosi tofauti, na Harris ndiye mtu pekee aliyepiga pande zote mbili. Wimbo mmoja humo, You Suffer, una sekunde moja na kidogo, na umeandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa wimbo mfupi kuliko wote uliorekodiwa. John Peel wa BBC aliwapigia hewani, na hakuwapigia kwa mzaha. Natamani watangazaji wenzangu wasikie hilo.

Kuna kitu kimoja zaidi kwenye dramu: ngoma za mguu mbili, kila mguu na yake, zikipigwa mfululizo chini ya wimbo kama injini. Wimbo wa Overkill wa Motörhead, mwaka 1979, unafunguliwa na miguu ya Phil Taylor peke yake, na wapiga dramu wa thrashi waliomfuata waliusikiliza vizuri. Miguu miwili isiyotulia ni dalili ya metali. Hadikoo ya mwanzo haikuwa na haja nayo. Ilitaka kwenda haraka na kumaliza.

Sasa gitaa. Hapa hatuna budi kupita Birmingham tena, mwaka 1970, kwenye albamu ya kwanza ya Black Sabbath. Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwandani. Akiwa na miaka 17 mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni mashoto, hivyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Kufikia Master of Reality ya mwaka 1971, nyuzi katika nyimbo kadhaa zimeshushwa nusu toni tatu. Uzito ule ambao tangu hapo kila bendi ya metali inautafuta una asili yake kwa sehemu kubwa katika jeraha la mfanyakazi wa kiwanda.

Iommi pia aliweka msingi wa rifu, kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa mpaka kinakuwa ndio wimbo wenyewe. Rifu za metali kwa kawaida hujengwa kwa noti mbili zinazopigwa pamoja, si tatu. Sababu yake si uvivu. Gitaa likishakorogwa na amplifaya, kila noti huzaa noti nyingine pembeni yake. Ukiweka noti nyingi pamoja unapata tope. Noti mbili zilizochaguliwa vizuri hubaki safi na nzito. Hili ni la metali na hadikoo kwa pamoja. Kinachozitenganisha ni namna ya kuzichapa.

Mpiga gitaa wa thrashi hulaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, karibu kabisa na pale zinapofungwa, ili noti isivume. Unasikia jug-jug-jug, kavu, fupi, iliyokatwa. James Hetfield wa Metallica hufanya hivyo huku akichapa kila pigo kwenda chini, bila kurudi juu, jambo linalochosha mkono lakini linaipa kila noti uzito ule ule. Sikilizeni Kill 'Em All ya mwaka 1983, au Reign in Blood ya Slayer ya mwaka 1986, yenye nyimbo kumi katika muda usiotimiza dakika 30. Rifu moja inakuja, inakatwa, inakuja nyingine, kisha gitaa linapiga mbio peke yake, kisha rifu ya kwanza inarudi. Wimbo una vyumba na unakuzungusha chumba hadi chumba.

Hadikoo haina subira hiyo. Black Flag wa California, Minor Threat wa Washington: gitaa linaachwa livume, noti zinafuata sauti ya mwimbaji, hakuna kujionyesha peke yako, na mara wimbo umekwisha. Straight Edge, wimbo wa Minor Threat uliozaa vuguvugu zima la vijana wasiokunywa wala kuvuta, hautimizi dakika moja. Kwa hiyo ule mdundo wa du-ka-du-ka tuliouweka akiba, ukiusikia chini ya gitaa kavu lenye noti nyingi, hiyo ni thrashi; ukiusikia chini ya gitaa linalovuma wazi, hiyo ni hadikoo. Na kuna Bad Brains, pia wa Washington, Wamarekani weusi waliotoka kwenye muziki wa jazi, wakapiga hadikoo kwa kasi iliyowatisha wenzao, halafu katikati ya onyesho wakateremka kwenye rege safi. Hao kwa ustadi wa vidole wangeweza kuwa bendi ya metali. Hawakutaka.

Nikichepuka kidogo: Wazanzibari wana kipande chao humu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliimba na Queen wimbo uitwao Stone Cold Crazy kwenye albamu ya mwaka 1974. Ni wimbo wa kasi, wa rifu iliyokatwakatwa, na Metallica walipourudia mwaka 1990 hawakuhitaji kuubadilisha sana. Waliupatia tuzo ya Grammy. Queen haikuwa bendi ya thrashi, lakini kwa kipimo cha mkono unaochapa nyuzi, wimbo ule mmoja unasimama mlangoni.

Sasa twende kwenye swali gumu zaidi, ambalo ndilo nililoletewa na kijana mmoja wa hapa kituoni: kutofautisha dethi metali na blaki metali. Zote zina blasti. Zote zina mkono unaochapa juu na chini kwa kasi sana juu ya noti moja. Zote zina mtu anayepiga kelele. Bahati nzuri, bendi moja ya Norwei imetufanyia jaribio bila kukusudia. Darkthrone walitoa albamu yao ya kwanza, Soulside Journey, mwaka 1991, na ilikuwa dethi metali. Walisafiri mpaka Stockholm kuirekodi katika studio ya Sunlight, kwa Tomas Skogsberg, fundi aliyekuwa akirekodi bendi za dethi za mji ule. Mwaka uliofuata walitoa A Blaze in the Northern Sky, na wakawa wameshahamia blaki metali. Ni watu wale wale, ila muziki ni mwingine. Zisikilizeni moja baada ya nyingine.

Kwenye Soulside Journey gitaa liko chini, kwenye nyuzi nene, na rifu zinabadilika kila mara. Dramu hubadilika nazo, zinasimama, zinageuka, zinaanza upya. Ukijaribu kuufuata wimbo unahitaji kukumbuka ulipopita. Dethi metali ni muziki wa wafumaji. Hata ile ya Florida, ya Morbid Angel na Obituary, iliyopita katika studio ya Morrisound mjini Tampa, ina tabia hiyo, ingawa sauti yake ni kavu na imepangika kuliko ya Stockholm. Stockholm ilikuwa na siri yake: pedali ya Boss HM-2, vitufe vyote vimezungushwa mpaka mwisho. Bendi ya Entombed iliitumia hivyo kwenye Left Hand Path ya mwaka 1990, na tangu hapo mashabiki huitambua sauti hiyo kabla noti ya pili haijapigwa.

Blaki metali imekwenda upande mwingine. Gitaa limepanda juu, nyuzi nyembamba zinaachwa zivume pamoja, besi imezama, na rekodi ni nyembamba, yenye mkwaruzo, kwa makusudi. Transilvanian Hunger ya mwaka 1994, ya Darkthrone hao hao, ilirekodiwa kwa mashine ndogo ya nyumbani. Fenriz alipiga vyombo vyote, Nocturno Culto akaimba. Dramu humo zinakimbia bila kubadilika, lakini noti za gitaa zinabadilika polepole sana. Hapo ndipo kuna ajabu ya blaki metali: kasi ya juu inayosikika kama kitu kilichosimama. Sikio linaacha kufuata dramu, linafuata mwendo wa gitaa, na mwendo huo ni wa taratibu. Kwa hiyo msihesabu dramu peke yake. Hesabuni noti zinabadilika mara ngapi juu ya dramu hizo. Zikibadilika kila mara na kukatika katika vipande, ni dethi. Zikining'inia huku dramu zikitwanga, ni blaki. Kipimo hiki kinafeli mara moja moja, hasa kwa bendi za Uswidi zilizopita katikati, lakini sijapata kilicho bora.

Polepole nako kuna mtego wake. Dumu metali ni Black Sabbath iliyopunguzwa mwendo na kuongezwa uzito. Candlemass wa Stockholm waliipa sura kamili mwaka 1986 kwa Epicus Doomicus Metallicus, wakiwa na mwimbaji mwenye sauti ya opera. Sleep wa California wao walirekodi Dopesmoker, wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima. Lakini si kila kilicho polepole ni dumu. Mwaka 1984 Black Flag walitoa My War, na upande wa pili wa sahani ile una nyimbo tatu tu, ndefu, zinazokokotwa. Mashabiki waliokuja kukimbizana waliudhika. Je, wamekuwa metali? Gitaa la Greg Ginn limejaa Black Sabbath, hilo halifichiki. Hata hivyo rifu zake hazijengi. Zinang'ang'ania pale pale, zinachubuka, na mwimbaji wao Henry Rollins hasimulii hadithi za wachawi, anajirarua mwenyewe mbele yako. Mimi husema ni hadikoo iliyopunguza mwendo. Huko New Orleans bendi kama Eyehategod zilichukua hapo zikaendelea, na mchanganyiko wao ukaitwa slaji.

Nilisema mjiulize pia wimbo umepangwa kwa ajili ya nani. Hadikoo ya New York ndiyo inayoeleza vizuri. Agnostic Front na Cro-Mags walipiga maonyesho ya Jumapili mchana kwenye klabu ya CBGB, mbele ya vijana wasiosimama kutazama jukwaa bali wanaocheza kwa kusukumana. Ndipo ikakua ile sehemu iitwayo brekidauni: wimbo unakwenda mbio, ghafla mwendo unashuka karibu nusu, gitaa na ngoma ya mguu vinagonga noti ile ile kwa pamoja, na uwanja mzima unafunguka. Sehemu hiyo haina kazi nyingine. Ukiisikiliza nyumbani umekaa kwenye kochi utaiona butu, na hutakuwa umekosea sana, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya kochi. Hadikoo pia ina kiitikio cha kundi, ambapo watu wote, wa jukwaani na wa chini, hupokea mstari pamoja. Iron Maiden nao huimbiwa na uwanja mzima, lakini pale watu wanaimba wimbo wa Maiden. Kwenye hadikoo mstari ule umeandikwa tangu mwanzo uwe wa kundi.

Tangu katikati ya miaka ya 1980 mipaka hii imekuwa ikivukwa kwa furaha. D.R.I. waliita albamu yao ya mwaka 1987 Crossover, wakamaliza ubishi. Metallica wamerudia nyimbo za Discharge. Ugomvi uliobaki ni wa metalikoo, na nauona ni ugomvi wa jina moja lililopewa watu wawili. Jane Doe ya Converge, ya mwaka 2001, ni hadikoo iliyojifunza ukali wa metali: nyimbo zinapasuka, zinaisha, hakuna anayekuimbia kwa upole. Alive or Just Breathing ya Killswitch Engage, mwaka uliofuata, imechukua rifu tamu za At the Gates wa Gothenburg, ambao nao walizitoa kwa Maiden, ikaweka brekidauni katikati na kiitikio cha kuimbwa kwa sauti safi. Hiyo ya pili kwangu ni metali iliyokwenda kutembelea hadikoo. Zote mbili zimetoka jimbo moja, Massachusetts, na zote mbili huuzwa kwenye rafu moja.

Pawa metali sitaikalia, maana haimpotezi mtu: mwimbaji anapanda juu, miguu miwili inakimbia, kiitikio ni cha ushindi, na mara nyingi bendi inatoka Ujerumani. Meshuggah wa Uswidi wanastahili kipindi chao, kwa jinsi gitaa lao linavyohesabu mizunguko isiyolingana na ile ya mkono wa mpiga dramu.

Mwimbaji basi, kama nilivyoahidi. Kelele ya hadikoo inatoka kifuani, na unamsikia binadamu fulani, pengine na lafudhi yake. Mngurumo wa dethi ni mzito, unatoka kwenye mikunjo ya koo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na binadamu anapotea. Sauti inakuwa chombo kingine cha besi. Ukelele wa blaki uko juu na umekauka, unajichanganya na gitaa kiasi kwamba ukizubaa huvitofautishi.

Na sasa jaribuni haya yote kwa Duma, wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes. Kanja ananguruma na kupiga ukelele kwa zamu, kwa hiyo mkimwanza yeye mtapotea. Dramu ni za kompyuta, blasti inayozidi uwezo wa miguu ya mtu yeyote, na humo ndani midundo inapishana kwa namna ambayo Birmingham haikuijua. Gitaa halijengi vyumba. Mara nyingi huwezi hata kusema ni gitaa. Nyimbo hazizunguki kurudi zilikoanzia. Wapo wanaowaweka kwenye metali kwa sababu ya koo la Kanja. Mimi nawaweka kwenye graindikoo, upande wa Mick Harris, na atakayebisha aanze na dramu.